Damu niliyotoa ilikuwa nyeusi tii, bibi anasema ni damu chafu. Wajuzi mnasemaje?

Tembo Mtulivu (#1)
Wakuu salaam. Wiki iliyopita nilienda kutoa damu, dada yangu alijifungua kwa operesheni akapoteza damu nyingi, tukaambiwa ndugu tujitokeze. Nimelala pale kitandani, sindano imeingia, naangalia ule mpira mwembamba unaoelekea kwenye mfuko, damu inayopita sio ile nyekundu niliyozoea nikijikata na kisu jikoni. Nyeusi tii, kama juisi ya zambarau, na mfuko ulivyokuwa unajaa ndo rangi inazidi kukolea. Nikapiga picha.

Nimefika nyumbani namwonyesha bibi yangu, mwenyeji wa Pangani huyu, amewapiga watu chuku, yaani kuchanja ngozi na kuvuta damu kwa pembe ya ng'ombe, tangu mimi sijazaliwa. Akaitazama simu akasema "mjukuu wangu hiyo ndo damu chafu, afadhali imetoka, utaona utakavyokuwa mwepesi." Na kweli kesho yake nimeamka mwepesi, mabega niliyokuwa nayaona mazito mwezi mzima yameachia.

Sasa swali, hivi kuna damu chafu na damu safi ndani ya mtu? Na kama niliyotoa ni chafu si ndo anaenda kuwekewa mgonjwa? Hilo limeninyima usingizi kwa sababu nyingine kama hiyo hiyo kaongezewa dada yangu. Nawasilisha.

Njugu Mawe (#2)
Ngoja waje wajuzi, nimeshavuta kiti.

Bin Pwani (#3)
Bibi yako yuko sahihi kabisa. Mimi ni mtu wa Mombasa, chuku nimepigwa mara nyingi. Wakichanja na kuivuta ile damu inakuja nzito, ukiacha dakika kadhaa inaganda kama vipande vya maini. Damu nzima haiwi hivyo. Ile ni takataka imekaa mgongoni, ikitoka ndo unapumua.

Nesi wa Zamu (#4)
Mleta mada kwanza pole na hongera kwa dada. Kazi yangu ni hiyo ya kutoa watu damu kwa hiyo hebu lala usingizi. Pale kwenye kiwiko tunachotafuta ni vena, mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, hatugusi ateri, ule unaotoa damu kwenye moyo. Damu ya vena imeshapita kwenye misuli na ngozi, imeacha hewa yake huko, kwa hiyo inakuwa nyekundu iliyoiva sana. Kila mtu, awe mzima kama chuma, mfuko wake unakuwa na rangi hiyo hiyo. Ningekuona umetoa nyekundu ndu na inaruka kwa mapigo ningeshtuka, maana hapo nimechoma ateri.

Na haiendi kwa mgonjwa hivi hivi. Inapimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, halafu kundi la damu, halafu inalinganishwa na ya mgonjwa mwenyewe. Dada yako kaongezewa damu nzuri.

Tembo Mtulivu (#5)
Asante sana Nesi, umenitua mzigo. Ila wepesi je?

Ticha Fomu Foo (#6)
Nesi #4 sawa lakini narekebisha kidogo hapo kwenye "imeacha hewa yake". Wanafunzi wangu wanaandika kila mwaka kwamba damu ya vena haina oksijeni, nawakata maksi. Ukiwa umepumzika damu inatoka kwenye moyo himoglobini yake, ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, karibu yote imebeba oksijeni, inarudi bado ina kama robo tatu. Yaani mwili umechukua robo tu. Akiba ile ndo inayokuokoa ukikimbia.

Himoglobini ina madini ya chuma, ikishika oksijeni inakuwa nyekundu inayong'aa, ikiachia inaiva. Haihitaji uchafu wowote. Hiyo damu "nyeusi" inafika chumba cha kulia cha moyo, inasukumwa kwenye mapafu, inashika oksijeni, inarudi kushoto imeng'aa, inasukumwa mwili mzima. Mtu mzima ana kama lita 5, na moyo uliopumzika unasukuma kama lita 5 kwa dakika. Kwa hiyo ile damu uliyoiona nyeusi, ungeiacha ndani, ndani ya dakika moja hivi ingekuwa nyekundu kisha nyeusi tena. Ni ile ile moja iko safarini.

Kilimahewa (#7)
Mi naona mnatafuta mbali. Chukua juisi ya zambarau aliyoitaja mwenyewe mleta mada, mwaga tone mezani utaona nyekundu, itazame kwenye jagi ni nyeusi. Kidole kikikatwa damu ni tone jembamba, mfuko una karibu nusu lita. Unene tu huo.

Nesi wa Zamu (#8)
Kilimahewa una hoja, unene unachangia, ila sio peke yake. Sirinji ya damu ya ateri na sirinji ya vena, ukubwa sawa, ziweke sambamba hata mtoto atakwambia ipi ni ipi. Mfuko ni mililita 450 na una dawa ya kuzuia kuganda, ndo maana kimashine kinautikisa tikisa, ichanganyike.

Mchinja Halali (#9)
Wakuu nichangie, mimi sijui himoglobini ila damu naiona kila alfajiri. Ng'ombe akichinjwa, damu ya mwanzo inaruka na ni nyekundu ya kuwaka, nyuma yake inafuata inayomiminika taratibu imeiva. Tukikinga kwenye beseni, haichukui hata robo saa imeganda yote kama ugali wa muhogo. Sasa angalieni hiki kitu: juu ya lile bonge panapoguswa na hewa ni pekundu, likate kwa kisu, ndani ni jeusi. Acha hilo jeusi liangalie juu, nenda kanywe chai, ukirudi nalo limekuwa jekundu. Hakuna mtu aliyelisafisha. Ni hewa tu imeligusa.

Kwa hiyo Bin Pwani #3, damu kuganda kama maini sio dalili ya uchafu. Ng'ombe wote damu yao inaganda na tunawala kila siku.

Njugu Mawe (#10)
Mchinja Halali huyu apewe darasa afundishe. Bin Pwani umesikia? Uzi wa chuku usitupigie chuku.

Bin Pwani (#11)
😂😂 Haya nimekubali la kuganda. Lakini Mchinja hajanieleza kwa nini nikipigwa chuku maumivu ya mgongo yanaondoka wiki mbili. Hilo halina mjadala, mgongo ni wangu.

Mswahili Maskati (#12)
Assalam alaykum. Huku Oman hijama, yaani chuku hiyo hiyo, ipo mpaka kwenye vituo vyenye leseni, glovu, wembe mpya kwa kila mtu, vikombe vya plastiki vya kutupa. Kwetu sisi ni sunna na hatuifanyi kwa sababu ya rangi ya damu, kwa hiyo mtu akinithibitishia kwamba ile damu sio chafu imani yangu haitikisiki. Tutenganishe vitu viwili: tendo, na maelezo tunayolipachika.

Na kwa kuwa Ticha kataja safari ya kwenda mapafuni, mtu wa kwanza tunayejua aliandika wazi kwamba damu inatoka kulia mwa moyo inapita mapafuni ndo inafika kushoto ni Ibn al-Nafis, mtabibu wa Damasko aliyefanya kazi Cairo, akafa 1288. Kabla yake watu walifuata kauli ya Galen, tabibu wa kale wa Kigiriki, kwamba ukuta wa katikati ya moyo una vitundu damu inapenya. Yeye akasema ukuta ule ni mzito na hauna tundu lolote.

Ticha Fomu Foo (#13)
Waalaykum salaam, hapo Maskati umenena. Ila mzunguko mzima, kwamba damu ile ile inaenda na kurudi, ni Mwingereza William Harvey, 1628. Zamani waliamini damu inatengenezwa na ini kutokana na chakula, inatumika mwilini kama maji kwenye bustani, inaisha, inatengenezwa nyingine. Harvey alipiga hesabu ya kawaida tu. Tufanye kwa vipimo vya leo: pigo moja mililita 70, mapigo 72 kwa dakika, ni lita 5, kwa siku lita 7,200. Hayo ni madumu 360 ya lita ishirini. Nani anakula chakula cha kutengeneza madumu 360 ya damu kila siku? Lazima iwe ile ile inazunguka.

Alichoshindwa kuona ni inavukaje kutoka ateri kwenda vena. Hakuwa na darubini ya kufaa. Malpighi wa Italia ndo akaviona vimishipa vyembamba kwenye mapafu ya chura, 1661, Harvey ameshafariki.

Kipusa wa Nairobi (#14)
Hizi hesabu ziko sawa, lakini mbona mishipa ya mkono wangu ni ya kijani na ya mamangu mweupe kidogo ni buluu? Kama damu ni nyekundu tu iliyoiva, hiyo buluu inatoka wapi? Shuleni tulichorewa moja nyekundu moja buluu.

Kilimahewa (#15)
Mchoro ule umeharibu wengi. Ukuta wa mshipa wenyewe ndo una rangi hiyo.

Ticha Fomu Foo (#16)
Hapana Kilimahewa, ukuta wa vena ni mweupeweupe, waulize waliofanya upasuaji. Rangi ni mwanga. Mwanga mwekundu unazama ndani zaidi ya ngozi na damu inaumeza, wa buluu hauzami sana unarudi, kwa hiyo pale penye mshipa jicho linapokea wekundu pungufu kuliko ngozi ya pembeni, ubongo unasoma buluu au kijani. Ngozi ikibadilika na rangi inabadilika. Kalamu ya kuchorea ilikuwa nyekundu na buluu kwa ajili ya kutofautisha tu, dada Kipusa.

Mwanamaji wa Jambiani (#17)
Mnasema damu buluu hakuna, nyie hamjapasua pweza. Pweza damu yake buluu kweli kweli. Na ana mioyo mitatu, miwili ya kusukumia kwenye mashavu anayopumulia na mmoja wa mwili. Sisi tunawapiga kwenye mwamba ili walainike, nimeziona hizo mambo tangu mdogo nikidhani ni wino.

Ticha Fomu Foo (#18)
Mwanamaji yuko sahihi, nilikuwa nasubiri mtu wa bahari aje. Pweza, ngisi, kaa, hao wanatumia shaba badala ya chuma kubebea oksijeni. Kwao ni kinyume, yenye hewa ndo buluu, isiyo na hewa haina rangi kabisa.

Njugu Mawe (#19)
Moyo mmoja wa mtu unatusumbua hivi, mwenzetu ana mitatu na bado anaishia kwenye supu Forodhani.

Dereva wa Masafa (#20)
Nirudishe mada. Mimi naendesha masafa, Mwanza Dar, na swali langu ni moja: moyo uko juu, miguu iko chini, damu ikishashuka inarudije juu? Maana abiria wakishuka nawaona viatu haviingii, miguu imevimba kama mikate. Mimi mwenyewe nakanyaga pedeli siku nzima na havinivimbi kihivyo. Kijana mmoja aliniambia ni soda, mwingine akasema ni AC, mwingine kasema figo.

Nesi wa Zamu (#21)
Dereva umejijibu mwenyewe, unakanyaga pedeli! Ndani ya vena za miguu kuna vali, vilango vinavyofunguka kuelekea juu tu. Kigimbi kikikaza kinaukamua mshipa, damu inapanda, ikitaka kushuka kilango kinafunga. Kigimbi ni moyo wa pili. Abiria kakaa masaa kumi na kitu hajatikisa mguu, damu inarundikana chini, presha ndani ya vimishipa inapanda, maji yanachuja nje kwenye nyama, unaona uvimbe. Ndo maana pia askari anasimama kwenye gwaride wima bila kutikisika, anaanguka pwaa, damu iko miguuni kichwani hakuna.

Uvimbe wa miguu miwili baada ya safari unaoisha asubuhi kwa kawaida sio wa kutisha. Mguu mmoja tu ukivimba, unauma kigimbi na ni wa moto, huyo aende hospitali hapo hapo, hiyo inaweza kuwa damu imeganda ndani ya vena na kipande kikichomoka kinaenda mapafuni.

Kilimahewa (#22)
Na twiga je? Shingo yote ile.

Ticha Fomu Foo (#23)
Twiga presha yake ni kama mara mbili ya mtu, ili damu ifike kichwani. Na ngozi ya miguu imebana kama soksi ngumu, damu haipati nafasi ya kurundikana. Ndo soksi zile wagonjwa wa vena wanavalishwa.

Ila hayo ya vali msiniamini mimi, jionee mwenyewe. Funga kipande cha kanga juu ya kiwiko, kisibane sana, ning'iniza mkono, kunja ngumi mara kadhaa. Mishipa itasimama na utaona vinundu kama vya mua mchanga, pale ndo penye vali. Chagua mshipa mmoja ulionyooka nyuma ya kiganja au mkononi. Weka kidole kimoja upande wa chini, ule wa kuelekea vidoleni, ubonyeze. Kidole cha pili kikamue damu kuelekea kiwikoni mpaka upite kinundu, kisha kiachie. Mshipa utabaki bapa, mtupu, japo juu ya kinundu kumejaa tele. Haishuki. Sasa achia kidole cha chini, utauona unajaa fyaa kutokea chini. Harvey alifanya hivi hivi. Ukimaliza fungua kanga, usikae nayo.

Mama Pacha (#24)
Nimesoma yote kimya kimya. Mimi ni upande wa pili wa huo mfuko. Baada ya kujifungua mapacha damu ilitoka ikawa haikati, nakumbuka baridi, nakumbuka moyo unadunda mbio kama nimekimbia na huku nimelala, halafu sikumbuki. Hospitali niliyokuwepo benki ya damu ilikuwa na uniti moja, yaani mfuko mmoja, ya kundi langu. Mume wangu alikimbia mtaani, wakaja vijana wa kijiwe cha bodaboda, mmoja wao hakunijua hata jina. Niliwekewa uniti nne. Ile ya pili ilivyokuwa inaingia nilianza kusikia vidole vyangu. Hata ingekuwa nyeusi kama lami ningeipokea. Tembo Mtulivu Mungu akubariki kwa dada yako.

Baba Selimundu (#25)
Mama Pacha pole na hongera. Mwanangu ana miaka 9 ana selimundu, chembe zake nyekundu zinajikunja kama mundu. Chembe ya mtu mzima wa afya inaishi siku kama 120, za mwanangu hazifiki hata 20. Uboho unatengeneza usiku na mchana haushiki kasi. Na zile zilizojikunja zinanasa kwenye vimishipa vidogo, ndo anapiga kelele mifupa. Tangu aanze dawa ya haidroksiyurea amepungukiwa sana kulazwa. Majirani walituletea kila juisi, rozela, bitiruti, Fanta na maziwa. Sikatai juisi, ila ugonjwa wake sio upungufu wa juisi.

Kipusa wa Nairobi (#26)
Kwani hiyo ya rozela ni uongo? Mimi nilikunywa nikiwa na mimba HB, kile kipimo cha wingi wa damu, ikapanda.

Nesi wa Zamu (#27)
Kipusa ulikuwa unameza na vidonge vya kuongeza damu au hapana? 🙂 Rangi nyekundu ya juisi haiwi damu. Kinachosaidia ni madini ya chuma, maini, nyama, dagaa, maharage, mboga za majani, na kitu kichachu pembeni, chungwa au limao, chuma kinaingia vizuri zaidi. Chai ya rangi iache mbali na chakula, inakizuia. Baba Selimundu wewe usimpe mtoto vidonge vya chuma bila kuongea na daktari wake, hasa kama anaongezewa damu mara kwa mara.

Bin Pwani (#28)
Swali la wepesi bado mnalikwepa.

Nesi wa Zamu (#29)
Silikwepi. Ukipoteza mililita 450 presha inashuka kidogo, mtu mwenye presha ya juu anaweza kuhisi nafuu.

Ticha Fomu Foo (#30)
Hapo Nesi tunapishana. Presha ikishuka mtu anasikia kizunguzungu, sio wepesi. Na maji ya damu yanarudi ndani ya siku moja au mbili, chembe ndo zinachukua wiki kadhaa. Halafu kwenye chuku damu inayotoka ni kidogo mno. Mimi nadhani ni ngozi kuvutwa na kuchanjwa, mishipa ya fahamu inapeleka taarifa mpya, ile ya maumivu inafunikwa. Kama unavyosugua goti ukijigonga.

Mswahili Maskati (#31)
Au ni kule kulala kimya nusu saa mtu anakushughulikia, jambo ambalo wengi hatulipati mwaka mzima. Tembo Mtulivu alikuwa na mabega mazito mwezi mzima, mwezi huo huo dada yake mjamzito. Kesho yake dada kapona na mabega yameachia.

Chuma cha Pua (#32)
Msifute kabisa habari ya kupunguza damu. Baba yangu HB yake ilifika 19, uso mwekundu, kichwa kinauma, anawashwa akioga. Madaktari wenyewe wakawa wanamtoa uniti moja kila baada ya muda, kwa sababu uboho wake unatengeneza chembe kupita kiasi na damu inakuwa nzito kweli. Yeye akitolewa anasema ameshushwa gunia. Sasa huyo nesi na Ticha watasema ni kulala?

Ticha Fomu Foo (#33)
Hapana mkuu, baba yako ni kesi tofauti na hapo nakubali asilimia mia. Ila wangapi waliopigwa chuku walipimwa HB kwanza?

Bin Pwani (#34)
Na wangapi walipimwa wakaonekana hawana? Hamjapima nyie, mnakisia kama mimi.

Dereva wa Masafa (#35)
Jana nimewaambia abiria wote wakanyage kanyage vidole kila nusu saa kuanzia Singida. Mama mmoja kashuka Dar kavaa viatu vyake vizuri.

Tembo Mtulivu (#36)
Wakuu mrejesho. Dada katoka hospitali juzi, mtoto ananyonya. Nilienda kwa bibi na kanga nikafanya ile ya Ticha #23, mkono wake mwembamba mishipa imesimama kama mizizi. Nikabonya, nikakamua, ukabaki bapa. Nikaachia ukajaa kutokea chini. Bibi kanyamaza, akaninyang'anya mkono wake akafanya mwenyewe mara tatu, kisha akasema "kumbe yote inapanda?" Akauliza inayoshuka iko wapi, nikamshikisha kidole chake penye mapigo ya kifundo cha mkono, hapo akafumba macho muda mrefu anasikiliza. Kasema damu chafu anaiacha kwanza aifikirie, ila pembe hatupi. Miezi mitatu ikitimia narudi kutoa nyingine.

Bin Pwani (#37)
Nisalimie bibi sana. Muulize kama anapokea watu wa kutoka Mombasa, mgongo umeanza tena.